Okidi imemaliza maua, usiitupe: mwongozo kamili wa kuitunza ndani ya nyumba Mbeya, Iringa na Njombe

Hii nimeiandika kwa sababu kosa ni lilelile kila mara. Mtu ananunua okidi ina maua, inakaa sebuleni miezi miwili mitatu imependeza, maua yanadondoka, anaangalia kile kikopo chake anaona hakina udongo anauhurumia mmea, anauhamishia kwenye chungu kikubwa cha udongo mweusi na samadi, anamwagilia kila asubuhi, na kufika mwezi wa saba majani yamelegea yamekuwa ya njano na ukiushika mmea unachomoka wenyewe mkononi. Alafu anasema okidi haikubali huku kwetu kwenye baridi.

Inakubali. Tena huku Nyanda za Juu Kusini kuifanya itoe maua mara ya pili ni rahisi kuliko Dar, sababu nitaieleza kwenye hatua ya saba.

Kinachoua okidi zetu ni mizizi kukosa hewa. Hizi tunazouziwa asili yake ni misitu ya joto ya kusini mashariki mwa Asia, na kule hazioti chini kabisa, zinaota juu ya miti zimeng'ang'ania gome na mizizi iko nje hewani. Mvua ikinyesha mizizi inalowa, upepo ukipita inakauka, basi hayo ndo maisha yake. Ukiifukia kwenye udongo umeziba kila upenyo, maji yanakaa, mizizi inaoza, na mzizi uliooza haunywi, kwa hiyo mmea unakauka majani huku umekaa ndani ya maji. Mwenye nyumba anaona majani yamenyauka anaongeza maji. Hapo ndo anaumaliza.

Mwongozo huu ni wa falenopsisi, ile wengi wanaiita okidi ya kipepeo, ina majani mapana mazito manne mpaka sita yamelala pembeni na shina refu la maua katikati. Ndiyo inayouzwa sana. Ila kama unakaa Makete, au Njombe kwenye nyumba isiyo na dari, au Mufindi kule juu kwenye chai, ushauri wangu tafuta simbidiamu badala yake, ile yenye majani marefu membamba, yenyewe inapenda usiku wa baridi nyuzi 10 mpaka 14 na bila hiyo baridi haitoi maua. Usipambane na mmea wa joto kwenye nyumba ya barafu wakati kuna ndugu yake anayeipenda hali hiyo.

Vitu vya kuandaa kabla hujagusa mmea

Kusanya vyote kwanza. Mmea ukishautoa kwenye kopo lake hutaki kuanza kuzunguka soko la Mwanjelwa kutafuta mkaa.

- Magome ya paini (misindano). Ukipita Mafinga au popote penye mashine za mbao utayapata ya kumwaga, mara nyingi ni bure. Chukua magome makavu ya zamani. Usichukue vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, ile dawa inaunguza mizizi.
- Mkaa wa kawaida wa kuni, vipande vya sentimita 1 mpaka 2. Usitumie mkaa uliokwisha kuwaka, una majivu.
- Mawe mepesi ya volkano yale yenye matundu yanayoelea kwenye maji, Mbeya na Rungwe yapo. Ukiyakosa acha, mkaa unatosha.
- Makumbi ya nazi, hasa kwa watu wa Iringa mjini ambako hewa ni kavu.
- Kopo la plastiki linaloonyesha ndani, upana wa sentimita 12 hivi. Uwazi wake ni wa lazima kwa sababu utakuwa unasoma mizizi kwa macho.
- Msumari wa kutoboa matundu, mkasi mkali, spiriti, pamba, mdalasini wa unga.
- Kipimajoto kidogo cha ukutani. Watu wanakiruka hiki, na mwezi wa saba ndo wanaanza kubahatisha.
- Mbolea ya NPK ya kuyeyusha kwenye maji, ile yenye namba zinazolingana kama 19-19-19 au 20-20-20, duka lolote la pembejeo wanayo.

Hatua ya 1: Ikifika nyumbani iache ipumzike

Okidi nyingi zinapanda basi kutoka Dar au Arusha. Imetoka kwenye joto, imekaa gizani kwenye buti, imetikisika njia nzima, imeshuka stendi kwenye baridi ya alfajiri. Ikifika ikadondosha matumba mawili matatu usishtuke, ni safari hiyo.

Iweke sehemu yenye mwanga bila jua kali, usiihamishe kopo, usiweke mbolea, kwa wiki mbili. Kama imevalishwa chungu cha kauri kizuri kisicho na tundu, itoe humo leo hii. Vyungu vile ni vya mapambo, maji yanakusanyika chini wewe hujui na mizizi imeloweka miguu. Unaweza kuirudishia siku ya wageni, wakiondoka itoe.

Na isikae jirani na bakuli la matunda. Sisi ni watu wa ndizi na parachichi, nyumba haikosi mkungu pembeni, ila tunda linaloiva linatoa gesi ya ethilini na gesi hiyo inafanya matumba ya okidi yawe ya njano na kuanguka kabla hayajafunguka. Moshi wa jiko la mkaa nao una gesi hiyohiyo. Ukiona matumba yanaanguka na mizizi ni mizima angalia matunda yako yanawekwa wapi.

Hatua ya 2: Chagua dirisha

Hapa ushauri wa video za Ulaya unapoteza watu. Wanasema weka dirisha la kusini, wako sahihi kwao kwa sababu jua lao linapita kusini. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, sasa mwezi wa sita jua letu limeegemea kaskazini, na mwezi wa kumi na mbili limehamia kusini kidogo. Kwa hiyo dirisha la kaskazini linapigwa jua kipindi cha kiangazi cha baridi, na la kusini linapigwa kipindi cha mvua.

Bora kuliko yote ni dirisha la mashariki. Jua la asubuhi ni laini, linapasha mmea baada ya usiku wa baridi, na kufika saa nne limeshapanda juu ya bati. Dirisha la magharibi ni baya, jua la saa tisa huku juu ni kali sana hata kama hewa ni ya baridi, usidanganywe na kale kaupepo. Kama huna lingine tundika neti au pazia jepesi.

Kupima mwanga weka kiganja chako juu ya majani mchana. Ukiona kivuli hafifu chenye kingo zisizoeleweka, mwanga unatosha. Kivuli cheusi chenye kingo kali, jua ni kali mno. Hakuna kivuli kabisa, mmea utaishi lakini maua usahau.

Baada ya mwezi mmoja majani yenyewe yatakuambia. Kijani cha kati kama jani changa la mgomba ndo tunalolitaka. Kijani kizito cheusi watu wanakisifia eti umenawiri, kumbe ni njaa ya mwanga. Wekundu pembeni au njano ya kupauka ni jua limezidi, na doa jeupe kavu ni kuungua, hilo halifutiki ila mmea hautakufa, usogeze tu.

Hatua ya 3: Maua yameisha, kata shina

Angalia shina la maua. Likiwa la kahawia na limekauka, kata chini kabisa.

Likiwa bado la kijani na mmea una majani manne au zaidi ya kukaza, hesabu vifundo kutoka chini, kata sentimita 1 juu ya kifundo cha tatu. Mara nyingi kifundo kile kinachipua tawi na baada ya miezi miwili mpaka mitatu unapata maua mengine, machache kidogo. Lakini kama majani ni mawili au yamelegea, kata chini kabisa hata kama shina ni la kijani. Mmea dhaifu ukiachiwa shina unamalizia nguvu zake huko. Inauma kukata, najua, kata tu.

Mkasi ufute kwa spiriti kwanza. Magonjwa ya okidi yanatembea kwa mkasi kuliko kwa hewa.

Hatua ya 4: Tengeneza mchanganyiko wa kupandia

Vunja magome yawe vipande vya sentimita 1 mpaka 2. Yachekeche utoe vumbi lote kwa sababu vumbi ndo linaloenda kuziba hewa chini. Kisha chemsha. Magome mabichi yana ulimbo na yanabeba mayai ya wadudu na ukungu. Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, hayafiki 100, kwa hiyo acha yatokote nusu saa nzima, mwaga maji yale ya kahawia, weka mapya, yaloweke usiku kucha. Gome kavu lisipoloweka linakataa maji, unamwagilia yanateleza tu yanatoka chini.

Mkaa uoshe mpaka maji yatoke meupe. Makumbi ya nazi yaloweke na kubadilisha maji mara tatu, yanakuwa na chumvi.

Vipimo vyangu, kwa kikombe:

- Mbeya mjini, Uyole, Mbalizi, Makambako: magome 5, mkaa 2, mawe mepesi 1.
- Tukuyu na Rungwe yote: magome 4, mkaa 3, mawe mepesi 2. Kule mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka na hewa ina unyevu muda wote, gome halikauki.
- Iringa mjini: magome 5, mkaa 1, makumbi 2, kwa sababu upepo wa mwezi wa nane mpaka wa kumi unanyonya maji kwa siku mbili.

Udongo usiweke hata kijiko. Wala samadi, wala mchanga, wala maranda. Najua mkono unawasha.

Hatua ya 5: Hamisha kwenye kopo jipya

Wakati mzuri ni mwezi wa tisa na wa kumi, baridi imeisha na mizizi mipya inaanza kutoka. Ukihamisha mwezi wa sita mmea unakaa na vidonda miezi miwili bila kukua na kidonda kwenye baridi na unyevu kinaoza. Isipokuwa kama mizizi imeshaoza, hapo hamisha leo hata kama ni Julai, kusubiri ni kuupoteza.

Toboa kopo kwa msumari wa moto, matundu kumi chini na mengine manne matano ubavuni karibu na chini. Fanyia nje, ule moshi wa plastiki sio wa kuvuta.

Mwagilia mmea nusu saa kabla, mizizi ikinywa inalainika haivunjiki. Binya kopo la zamani, toa mmea, pukuta kila kitu. Sasa angalia katikati kabisa ya mizizi, karibu kila okidi ya kununua utakuta kuna kidonge cha sponji au manyasi ya kahawia yaliyobanwa, humo ndo ilikuzwa ikiwa mche. Kile kidonge kinashika maji wiki mbili nzima hata kama pembeni kote kumekauka. Kitoe chote taratibu kwa vidole. Okidi nyingi mnazosema zimekufa ghafla ziliozea hapo katikati.

Sasa pitia mzizi mmoja mmoja ukiuminya. Mgumu mweupe au wa kijani, mzima, acha. Laini, wa kahawia, unatoa maji au unabaki kauzi kembamba ngozi imevuka, kata mpaka ufike sehemu ngumu. Usionee huruma. Paka mdalasini kidogo kwenye kidonda cha mzizi tu, usiumwagie mizizi mizima kwa sababu unaikausha.

Weka mmea katikati ya kopo, zile shingo za majani ya chini zilingane na mdomo wa kopo, zisifukiwe. Jaza mchanganyiko taratibu huku unagonga kopo pembeni ushuke wenyewe kati ya mizizi, usishindilie kwa kidole gumba. Mizizi inayotoka juu hewani iache hewani, usiilazimishe kuingia.

Kopo liwe la kubana mizizi. Watu wanachukua kubwa wakidhani ndo kuijali, ila kopo kubwa linabaki na ubichi katikati muda mrefu.

Usimwagilie siku tatu, vidonda vikauke. Weka kwenye kivuli cheupe wiki mbili. Umepatia kama ukiinua mmea kwa kushika majani kopo linafuata bila mmea kucheza, na baada ya wiki nne mpaka sita unaona ncha za kijani zinazong'aa mwisho wa mizizi. Jani moja la chini kugeuka njano na kuanguka kipindi hiki ni kawaida.

Hatua ya 6: Kumwagilia

Hakuna ratiba. Mtu akikuambia mara moja kwa wiki muulize anakaa wapi na ni mwezi gani.

Soma mizizi kupitia kwenye kopo. Mizizi ya kijani imeshiba, usimwagilie. Mizizi ya rangi ya fedha, ndani ya kopo hakuna matone yaliyoganda ukutani, na kopo ni jepesi mkononi, sasa mwagilia. Vyote vitatu kwa pamoja. Kwa makadirio tu, Mbeya kipindi cha mvua Novemba mpaka Aprili utajikuta ni kila siku 8 mpaka 10, mwezi wa sita na wa saba inaweza kufika siku 12, na kiangazi cha upepo Septemba na Oktoba ni siku 5 au 6, Iringa hata 4.

Namna ya kumwagilia: asubuhi, maji yaliyokaa ndani ya nyumba usiku kucha yawe na joto la chumba. Maji ya bomba ya Julai yanatoka kama ya friji, hayo yanaistua mizizi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tanki ndo bora kabisa, acha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza. Peleka kopo kwenye beseni, mimina maji juu ya mchanganyiko mpaka yatoke chini kwa wingi, acha lisimame kwenye maji dakika 10, toa, acha lichuruzike kabisa ndo urudishe dirishani. Kisahani kibaki kikavu.

Zile video za kuweka vipande vya barafu juu ya okidi achana nazo. Huu ni mmea wa msitu wa joto na wewe uko Mbeya.

Onyo kubwa: maji yasikae katikati pale majani yanapokutana, pale ndo moyo wa mmea. Falenopsisi inakua kutoka sehemu hiyo moja tu, moyo ukioza hakuna jani jipya tena. Kule porini inaota imeinama pembeni ya mti na maji yanamwagika, sisi tunaisimamisha wima kwenye kopo inakuwa inakinga. Yakiingia yafyonze kwa kipande cha tishu. Na usiinyunyizie majani jioni.

Hatua ya 7: Kuivusha baridi ya mwezi wa tano mpaka wa nane

Hapa ndo faida yetu ilipo. Falenopsisi inaanza kutengeneza shina la maua pale inapopata wiki kadhaa za hali ya hewa ya chini ya nyuzi 25 mchana, na usiku uliopoa kuwa 15 mpaka 18. Dar watu wanawasha kiyoyozi kuitafuta hiyo hali. Sisi Mungu anatuletea mwezi wa tano bila kuomba.

Ila kuna mpaka. Ikishuka chini ya nyuzi 13 au 14 usiku baada ya usiku, majani yanapata mashimo ya kubonyea, mizizi inagoma kunywa, na ukimwagilia kama kawaida inaoza. Nje Mbeya mwezi wa saba usiku unashuka chini ya 10 bila shida. Ndani ni afadhali, ila sio pale kwenye kioo.

Fanya hivi:

Ning'iniza kipimajoto pale mmea ulipo, soma alfajiri kabla hujafungua mlango. Namba ya alfajiri ndo inayohesabika.

Ikiwa ni 15 na kuendelea usibadilishe chochote, hiyo ndo baridi inayoita maua.

Ikiwa chini ya 15, kila jioni sogeza mmea utoke dirishani uende ukuta wa ndani, ukuta unaopakana na jiko ni mzuri, mita moja kutoka chini kwa sababu sakafu ya saruji ina baridi kali. Asubuhi urudishe kwenye mwanga. Ikiwa chini ya 13, ongezea ndoo ya plastiki nyepesi au boksi la kuufunika usiku.

Usiupashe joto kwa jiko la mkaa. Na hili sio la mmea tu, jiko la mkaa linalowaka kwenye chumba kilichofungwa linaua watu wakiwa wamelala, kila msimu wa baridi tunasikia. Jiko likae nje.

Mwezi wa saba au wa nane angalia chini ya majani. Kuna kitu kitachomoza kati ya jani na jani. Kikiwa na ncha ya mviringo laini ni mzizi. Kikiwa na ncha bapa yenye kidole kimoja pembeni na kinaelekea juu, hongera, ni shina la maua. Kuanzia hapo hesabu miezi miwili mpaka mitatu, kwa hiyo ua linafunguka kwenye Oktoba au Novemba. Likifika sentimita 20 lifunge taratibu kwenye kijiti, na matumba yakishatokea usizungushe kopo, yanaufuata mwanga na ukiyageuza geuza maua yanaangalia kila upande.

Hatua ya 8: Mbolea, kidogo sana

Robo ya kijiko cha chai cha NPK kwenye lita 2 za maji, kila mara ya pili unapomwagilia, kuanzia Septemba mpaka Aprili. Baridi ikiingia punguza iwe mara moja kwa mwezi. Mwaga kwenye mizizi iliyokwisha kulowana, mzizi mkavu unaunguzwa na chumvi. Mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu mengi kuosha chumvi, ukiona unga mweupe kwenye magome ujue umechelewa.

CAN, DAP na urea ni za shamba, ziache shambani. Baada ya kuhamisha kopo subiri mwezi mmoja ndo uanze mbolea.

Wadudu na madoa

Vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Pamba yenye spiriti, futa kimoja kimoja, rudia kila wiki kwa wiki nne kwa sababu mayai hayafi mara moja. Vigamba vya kahawia vilivyoganda chini ya jani, dawa ni hiyohiyo ila ukwangue na ukucha kwanza. Tenga mmea huo na mingine.

Doa la kahawia lenye majimaji linalotanuka ndani ya siku mbili ni bakteria. Kata jani sentimita 2 ndani ya sehemu nzima, wembe uupitishe kwenye moto kila mkato, paka mdalasini, acha kumwagilia siku kadhaa na fungua dirisha mchana hewa ipite.

Mimea mingine inayokaa vizuri dirisha moja na okidi

Poto (ule unaotambaa), monstera (ile ya majani makubwa yaliyochanika) na ule mmea wa maua meupe yenye kigubiko unaoitwa pisi lili vyote vinakubali udongo, ila uwe mwepesi, nusu udongo wa msitu, nusu magome madogo na mkaa. Mwagilia sentimita 3 za juu zikikauka. Sansevieria, ile ya majani marefu magumu yaliyosimama wima, ndo rahisi kuliko zote, kipindi cha baridi mara moja kwa mwezi inatosha kabisa. Kama una mtoto anayetambaa, poto, monstera na pisi lili ziwe juu asipofika, utomvu wake unawasha mdomo na koo vibaya. Falenopsisi haina sumu hiyo.

Okidi za Kitulo na milimani ziacheni

Kuna watu wananiuliza kwanini tununue wakati Kitulo, Uporoto na Kipengere zimejaa bure. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, ina aina zaidi ya 40 za okidi na kung'oa hata moja ni kosa la jinai. Jamii nzima ya okidi imo pia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo kuvusha za porini pale mpakani Tunduma bila kibali ni kesi. Tayari zinachimbwa kwa magunia viazi vyake vikauzwe Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula chao kinachopikwa kwa viazi hivyo, na milima mingine ambayo zamani ilikuwa rangi tupu sasa ni nyasi.

Na hata ukiiba haitapona. Zile zinaota ardhini na zinaishi kwa kutegemea fangasi maalumu wa udongo ule, ukiihamishia kwenye kopo fangasi hayupo, inakufa. Nendeni mkazione zikiwa kwao kipindi cha mvua, kati ya Novemba na Aprili, piga picha uwezavyo.

Kama umefungua kopo ukakuta mizizi yote imeoza

Kama moyo bado ni wa kijani na una majani hata mawili, usitupe. Kata mizizi yote iliyokufa, fata maelekezo ya mdalasini ya hatua ya tano, acha mmea ukae hewani siku moja. Chukua boksi la plastiki linaloonyesha ndani au mfuko mkubwa unaoonyesha ndani, chini weka makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa mpaka yasidondoshe tone, juu yake weka tabaka la mkaa mkavu, alafu lalisha mmea juu ya mkaa usiguse unyevu. Funga, acha upenyo wa kidole. Weka penye mwanga bila jua hata kidogo, nyuzi 20 mpaka 25, juu ya kabati la jiko panafaa.

Fungua kila siku ya tatu dakika kumi uingize hewa na kuangalia ukungu. Usimwagilie. Majani yatabaki yamekunjamana na hayatanyooka mapema, hiyo isikutishe. Unachosubiri ni kinundu cha kijani chini ya jani la mwisho, ambacho huchukua mwezi mmoja mpaka mitatu. Mizizi miwili ikifika urefu wa sentimita 4 panda kwenye kikopo kidogo kabisa, cha sentimita 8, na urudi hatua ya sita. Maua usiyategemee msimu huo, ukiona shina linatoka likate.